Mwenye taka aulizwe kabla ya mwenye punda

Kila malalamiko kuhusu utupaji wa taka kiholela yanapozidi kisiwani Lamu, hatua inayofuata huwa ni ileile. Askari wa kaunti hutumwa ukingoni mwa mji, kijana mmoja au wawili waendeshao punda hukamatwa pamoja na magunia yao, hutozwa faini au huonywa, na baada ya muda mfupi ufuo hurudi ulivyokuwa. Nimeitazama hali hii kwa miaka mingi na nimefikia kuamini kwamba kasoro yake si uchache wa askari wala udogo wa faini. Kasoro ni kwamba tunamsaka mtu wa mwisho kuzishika taka, na tunamwacha yule aliyezizalisha, akalipa ili ziondoke mlangoni pake, wala asitake kujua zinakwenda wapi.

Ili jambo hili lieleweke, ni lazima kwanza tuangalie jinsi taka zinavyotoka nyumbani katika mji huu. Mji Mkongwe wa Lamu, ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya Turathi za Dunia mwaka 2001, haukujengwa kwa ajili ya magari. Katika vichochoro vya Mkomani na Langoni kuna mahali ambapo punda wawili wenye mizigo hawapishani mpaka mmoja arudi nyuma. Lori haliwezi kufika mlangoni, mkokoteni hufika sehemu chache, na kwa hiyo kila kinachoingia na kila kinachotoka hubebwa na punda au huchukuliwa kichwani. Mwendesha punda hulipwa kwa mzigo, halipwi kwa umbali. Kadiri anavyomwaga karibu, ndivyo anavyopata mizigo mingi zaidi kabla jua halijawa kali. Jaa halali likiwa mbali, au limefungwa siku hiyo, au njia yake ni ya mchanga mzito unaomchosha mnyama, basi kipande chochote cha ufuo kisicho na mtu wa kukemea kinakuwa jaa lake. Si lazima awe mtu mbaya ili afanye hivyo, bali yatosha awe na watoto wanaomsubiri nyumbani.

Taka za jikoni ndizo zinazolalamikiwa zaidi kwa sababu zinanuka, lakini kwa maoni yangu zinazouharibu mji kwa kasi kubwa ni taka za ujenzi. Nyumba za kale za matumbawe na chokaa zinapokarabatiwa, na nyumba za wageni zinapoongezwa ghorofa huko Shela, kijiji jirani cha kisiwani, kinachotoka ni kifusi cha magunia mengi sana, na kifusi hicho chote hupita mgongoni mwa punda. Simama ukingoni mwa mji maji yakiwa yamekupwa, ulitazame rundo moja kwa makini. Chini kabisa utaona vipande vya matumbawe na chokaa ya zamani, vyeupe, ambavyo chumvi imeanza kuvila. Juu yake ipo mifuko ya saruji iliyopata maji ikaganda, karatasi yake imechanika lakini saruji imebaki na umbo la mfuko, pamoja na vigae vya msalani vilivyovunjika vyenye kingo kali za kuukata mguu wa mtoto. Juu zaidi kuna nepi, chupa za maji, vikombe vya maziwa ya mtindi, na kipande cha wavu mkuukuu kilichovizoa vyote hivyo pamoja. Tabaka hizo zinaonyesha nani alitangulia. Mjenzi huanza, na akishamwaga kifusi chake majirani huona kwamba mahali pale pameshaharibika, na kila mmoja huongeza cha kwake bila ya kuona haya. Anayetaka kuzuia nepi na aanze kwa kuzuia kifusi.

Lipo na jambo jingine ambalo watu hulizungumza kwa sauti ya chini. Kifusi kikimwagwa ukingoni kwa muda mrefu hugeuka ardhi, na ardhi mpya haikosi mwenyewe. Palipokuwa na mikoko hupata kwanza njia ya miguu, kisha ukuta mfupi, kisha lango. Sisemi kwamba kila rundo lina nia hiyo nyuma yake, kwani mengi ni matokeo ya uvivu na umaskini tu. Lakini rundo linalofuata mstari ulionyooka, na linalosawazishwa kila linapokua, halistahili kuitwa uzembe, na mwenye mamlaka anayelipita kila siku bila ya kuuliza ana jambo la kueleza.

Bahari nayo hutusaidia kuficha. Katika siku za maji mafu, bahari inapopanda kidogo tu, taka hukaa pale zilipomwagwa, kila mtu akaziona. Bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, linapofika, maji hupanda mpaka kwenye rundo, huchukua kila chepesi na kuacha kizito, na asubuhi yake ufuo huonekana kama uliofagiliwa. Anayezijua siku za bamvua, na hapa kwetu hata mtoto anazijua, anaweza kumwaga usiku na kupoteza ushahidi kabla ya alfajiri. Vitu hivyo huingia mkondoni, vikapelekwa upande wa kisiwa cha Manda au kwenye mlangobahari wa Mkanda, na kunasa katika mizizi ya mikoko. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko katika Kaunti ya Lamu, na katika mizizi hiyo ndimo kamba, kaa na samaki wachanga wanamokulia. Anayeilipia gharama hiyo ni mvuvi anayeshinda akitoa plastiki katika nyavu zake badala ya changu na tasi.

Ni kweli kwamba taka nyingine zilizoko ufuoni si zetu. Fukwe zinazotazama bahari kuu hupokea chupa na makobazi kutoka nchi za mbali, na pepo za kusi na kaskazi huvileta kila moja kwa zamu yake. Hoja hii ina haki yake, lakini imetumiwa mno kama kisingizio. Saruji haielei, na vigae haviogelei kutoka Bara Hindi.

Wengi wakilizungumza suala hili hulifanya ni suala la sura ya mji mbele ya wageni. Mimi naliona kwanza kuwa ni suala la maji ya kunywa. Mvua inayonyesha juu ya vilima vya mchanga vya Shela huzama, huchujwa, na kukaa chini ya ardhi juu ya maji ya chumvi, kwa sababu maji matamu ni mepesi zaidi. Tandiko hilo jembamba la maji matamu ndilo lililoufanya mji huu uweze kukaliwa kwa karne nyingi. Mchanga unaopitisha mvua kwa haraka hupitisha pia mafuta machafu ya injini za boti, maji yanayovuja kutoka kwenye betri mbovu, na yote yanayotoka katika rundo linalooza. Watu wa bara kisima chao kikiharibika wanaweza kusogea na kuchimba kwingine, lakini wakazi wa kisiwani hawana kwingine kwa kwenda. Na wanyama tunaowategemea hawakusalimika pia. Punda asiye na malisho ya kutosha huzunguka majaani, hula mabaki ya chakula pamoja na plastiki iliyoyafunga, na plastiki hiyo hujikusanya tumboni mpaka imzibe. Kituo cha kuwatibu punda kimekuwepo Lamu tangu mwaka 1987, lakini hakuna matibabu yanayoweza kushindana na rundo lililo wazi usiku na mchana.

Sheria haikukaa kimya. Ibara ya 42 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya kuwa na mazingira safi na yenye afya, na Jedwali la Nne linaikabidhi serikali ya kaunti kazi ya kuondoa taka na kusimamia majaa. Kanuni za Usimamizi wa Taka za mwaka 2006, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999, zinakwenda mbali zaidi, na ningependa kila mwenye nyumba ya wageni azisome. Zinasema kwamba mtu ambaye shughuli zake zinazalisha taka ana wajibu wa kuzikusanya na kuzitenganisha, na kwamba anapozitoa lazima azikabidhi kwa msafirishaji mwenye leseni ya kuzipeleka mahali palipoidhinishwa. Msafirishaji huyo naye anatakiwa awe na hati inayoeleza taka alizobeba zimetoka wapi na zinakwenda wapi.

Tuyapime maneno hayo kwa hali halisi ya Lamu. Mwenye jengo anayempa kifusi kijana asiye na leseni wala hati yoyote amekwisha kuukiuka wajibu wake pale mlangoni, kabla gunia halijafunguliwa na kabla punda hajapiga hatua. Ushahidi wa kosa hilo hauhitaji askari wa kuvizia usiku, kwa kuwa jengo linaonekana, vibali vyake vina jina la mwenyewe, na kifusi hakikuyeyuka hewani. Ilhali sisi tumechagua kulifuata kosa kule ufuoni, mahali ambapo ni gumu kuliko kote kulithibitisha, na ambapo mhusika pekee anayepatikana ni maskini kuliko wote.

Tunao mfano wa karibu unaoonyesha tofauti kati ya njia hizi mbili. Kwa miaka mingi Kenya ilijaribu kupambana na mifuko ya plastiki kwa kuwakanya wanaoitupa. Matangazo yalitolewa, kampeni za usafi zilifanywa, na mifuko iliendelea kupepea kwenye miiba na matawi. Tarehe 28 Agosti 2017 marufuku ilianza kutekelezwa dhidi ya utengenezaji, uingizaji na utumiaji wa mifuko hiyo, ikiwa na faini ya shilingi milioni 2 hadi milioni 4 au kifungo. Kilichobadilika haraka ni maduka, kwa sababu wenye viwanda na wenye maduka ni wachache na wana anwani, na wana cha kupoteza. Mifuko ya magendo ingali inapenya, hilo halifichiki, lakini mtu yeyote anayezikumbuka fukwe zetu za kabla ya mwaka huo anaijua tofauti. Marufuku ile iliwashika wachache walio juu ya mkondo, na wengi walio chini wakafuata.

Kwa taka za ujenzi hapa Lamu, wachache hao ni wenye majengo, na kaunti tayari inawashika mkono mmoja kupitia kibali cha ujenzi. Napendekeza kibali hicho kisitolewe mpaka mwenye jengo aweke amana inayolingana na ukubwa wa kazi yake, na aeleze kifusi kitapelekwa wapi. Kila mzigo unaofika kwenye kituo cha kupokelea upewe risiti yenye muhuri na namba ya kibali, na mwendesha punda alipwe kwa kuonyesha risiti hiyo. Jengo likikamilika, mwenyewe arudishiwe amana yake kwa kiasi cha risiti alizokusanya. Utaratibu huu unaigeuza ile hesabu ya mwendo. Kijana ambaye leo hupata zaidi kwa kumwaga karibu atakuwa anapata kwa kufika, na hatakubali karatasi yenye thamani ya ujira wake ipotee kwa kumwaga mzigo ufuoni. Kwa hoteli na nyumba za wageni, leseni ya biashara ya kila mwaka inaweza kufanya kazi hiyohiyo, ikiwa haitatolewa bila ya mkataba na mchukuzi anayetambuliwa.

Waendesha punda wenyewe lazima waingizwe katika utaratibu badala ya kufukuzwa. Masharti ya leseni za usafirishaji yaliandikwa na watu waliokuwa wakifikiria malori, na hayatatufaa mpaka kaunti na mamlaka ya mazingira zikubali kwamba mchukuzi wa taka wa Lamu ana shogi, yaani mfuko wa mizigo wa mgongoni mwa punda, na kamba, hana injini. Wasajiliwe kwa ada ndogo wanayoiweza, wapewe vitambulisho, na uzito wa mzigo uwekewe mpaka ili mnyama asiteswe kwa jina la usafi. Vituo vya kupokelea vichaguliwe na wao pamoja na wazee wa mitaa, kwa sababu wao ndio wanaojua ni wapi punda anafika bila ya kuzama mchangani na ni wapi boti inaweza kutia nanga hata maji yakiwa madogo. Kifusi kizuri cha matumbawe hakina sababu ya kuitwa taka hata kidogo. Mafundi wanaokarabati nyumba za kale huyatafuta mawe hayo, na vipande vidogo vinafaa kujazia misingi. Kituo kinachoyatenga na kuyauza kitarudisha sehemu ya gharama zake.

Kuhusu taka za majumbani, tatizo ni wingi wa safari. Sera ya taifa ya usimamizi wa taka inakadiria kwamba mtu mmoja nchini Kenya huzalisha wastani wa nusu kilo ya taka kwa siku, na kwamba asilimia 60 hadi 70 ya taka zote ni zile zinazooza. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 143,920 katika Kaunti ya Lamu. Kwa kipimo hicho kaunti nzima ingezalisha takriban tani 72 kwa siku, ingawa vijijini kiasi halisi ni kidogo zaidi, na kati ya hizo tani zisizopungua 43 ni maganda, majani, mabaki ya wali na mifupa ya samaki. Haya hayana haja ya kusafiri mbali. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inazitaka taasisi zote za umma na za binafsi kuzitenga taka zinazooza na zisizooza, na inazitaka kaunti ziwe na vituo vya kurejesha malighafi. Vinavyooza vikitengwa jikoni na kufanywa mbolea ya mashamba ya kisiwani, mizigo inayohitaji punda hupungua kwa zaidi ya nusu, na kinachobaki ni kikavu, chepesi, na kina mnunuzi. Kwamba plastiki iliyokusanywa ina thamani, Lamu yenyewe ilikwisha kuuonyesha ulimwengu mwaka 2018, pale Ali Skanda na mafundi wenzake walipoishusha majini mashua ya Flipflopi, iliyoundwa kwa plastiki iliyotupwa na kuvikwa vipande vya makobazi yaliyookotwa, ambayo mwaka uliofuata ilisafiri kwa tanga hadi Zanzibar.

Nakubali kwamba kuna ugumu ambao hakuna kanuni itakayoumaliza. Mji wetu ni mdogo, na anayemwaga taka mara nyingi ni shemeji, ni mpangaji wa ami yako, au ni mtu mnayesimama naye safu moja msikitini. Kumshitaki ni muhali. Hivyo basi mpango wowote unaotegemea majirani kuchongeana utashindwa, na ukifaulu utaacha chuki. Hii ni sababu nyingine ya kuipenda risiti, kwa kuwa haimhitaji jirani kusema lolote. Ofisi inalinganisha magunia yaliyotarajiwa na yale yaliyopokelewa, na pengo lililopo linaulizwa kwa mwenye kibali peke yake. Kazi inayobaki kwa jamii ni ile inayoiweza vizuri. Maimamu wakumbushe kwamba kuondoa udhia njiani ni katika imani, akina mama wa mtaa wakubaliane ni siku zipi mapipa yatolewe, na vikundi vya wavuvi vya usimamizi wa fukwe vitoe taarifa ya rundo jipya likiwa bado ni la gunia moja.

Wapo watakaosema kwamba amana itawaumiza wanyonge wanaojenga chumba kimoja kwa miaka kumi. Hilo lizuiwe kwa kuweka kiwango ambacho chini yake hakuna amana, ili anayebadilisha choo au kuezeka upya kwa makuti asiguswe, na kifusi chake kidogo kipokelewe bure. Wapo pia watakaosema kaunti haina fedha. Lakini kaunti inalipa hata sasa, kwa kila zoezi la usafi, kwa kila mtaro uliozibwa na kuzibuliwa, na kwa kila mtoto anayefika hospitalini akiharisha. Swali ninaloliona kuwa gumu kweli ni jaa la mwisho liwe wapi, na hapo nina msimamo mmoja tu: taka za Amu, yaani mji wetu wa Lamu, zisihamishiwe Mokowe kule bara, Manda wala kijiji chochote ambacho watu wake hawakuulizwa. Tukifanya hivyo tutakuwa tumetenda kwa wengine lile tunalolilalamikia.

Watu wa Lamu wanajua kudai. Tarehe 26 Juni 2019 Baraza la Kitaifa la Rufaa za Mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Kwasasi, baada ya wananchi kulalamika kwamba hawakushirikishwa ipasavyo. Ibara ya 70 ya Katiba inamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kuhusu haki ya mazingira bila ya kulazimika kuthibitisha kwamba kuna aliyepata hasara au kuumia, na Mahakama ya Mazingira na Ardhi iko Malindi. Lakini kabla ya kufika mahakamani kuna mlango ulio karibu zaidi. Serikali ya kaunti hutakiwa kuwasilisha taarifa yake ya mkakati wa fedha katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 28 Februari na makadirio ya bajeti kabla ya tarehe 30 Aprili, na katika hatua zote mbili wananchi wana haki ya kutoa maoni. Vikao hivyo vikiitishwa, wakazi wa Mkomani, Langoni na Shela waende na mambo matatu yaliyoandikwa: fungu la fedha la vituo viwili vya kupokelea kifusi, kifungu cha amana katika kanuni za vibali vya ujenzi, na orodha ya majengo yote yanayoendelea sasa pamoja na maelezo ya mahali kifusi cha kila moja kilipopelekwa.